Radhi za Bi Kazija Nilizipaka Rangi Nyeupe

Mimi ni mkosa. Nalisema hili kabla hata ya salamu, ili usije ukaanza kunionea huruma halafu ukajuta.

Jina langu nimeomba lifichwe. Jua tu kwamba ni mtu wa Mji Mkongwe, mtoto wa mpika halua wa Mkunazini. Sisi ni katika zile koo za Kiarabu ambazo zamani zilikuwa na mashamba, na nyumbani kwetu hadithi za mashamba hayo zilikuwa nyingi kuliko kitoweo. Nikakua na kiburi ambacho hakikuwa na chochote cha kujivunia.

Intaneti ilipoingia Unguja, nikaidaka. Nikaajiriwa kwenye duka la intaneti Shangani, wageni wakija kusoma barua pepe zao, na baada ya muda nikajifundisha kutengeneza kurasa za mtandao kwa ajili ya nyumba za wageni. Nilivaa tai. Kwa joto lile la Zanzibar, tai! Mtu akiniita mtaalamu nilikuwa naitika kabla hajamaliza neno.

Ndipo alipokuja Bi Kazija.

Alikuwa mama wa Bwejuu, mjane, mlimaji wa mwani. Pembeni mwa nyumba yake alijenga vyumba vichache vya makuti akawa analaza wageni wasiotaka makubwa, anawapikia pweza wa nazi na mkate wa kumimina. Mgeni mmoja alimwambia kwamba akitaka watu zaidi awe na ukurasa wake mtandaoni. Basi akapanda gari mpaka mjini, akaulizia mpaka akanipata.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Nshaambiwa we ndo fundi wa mambo haya. Hebu nambie, mtu yuko Ulaya huko, ananipataje miye?"

Nikamweleza. Nikamwambia upo mtambo wa kutafutia. Mtambo huo una programu zinazozunguka mtandaoni bila ya kupumzika. Zinasoma ukurasa huu, zikikuta humo kiungo cha kwenda ukurasa mwengine zinaingia na huko, na kila neno zinaloliona zinaliweka akiba. Mtu akiandika maneno anayoyataka, mtambo hauanzi tena kuzunguka. Unatazama kwenye akiba yake, unamtolea kurasa zenye maneno hayo.

"Ah! Kama mtu anayepita kualika harusi," akasema. "Anaingia nyumba hii, anaulizia na ya jirani."

"Hivyo hivyo, Bi."

"Na nyumba zikiwa nyingi, anakutajia ipi mwanzo?"

Nikamwambia mtambo huangalia mengi, lakini kubwa ni nani anatajwa na wengi. Ukurasa unaoelekezwa na kurasa nyengine nyingi, mtambo huuona wa maana na kuupandisha juu. Ni kama ukitaka fundi wa saa pale Darajani. Utauliza watu, na yule watakayekuelekeza wengi ndiye utakayemwendea kwanza.

Akawa anachezea ncha ya kanga yake. Halafu akauliza, sauti imeshuka.

"Na mtu akiandika jina lake mwenyewe? Akajitafuta?"

"Kama jina lake limo kwenye ukurasa wako, utamjia ukurasa wako."

"Basi tia jina la mwanangu."

Mwanawe wa pekee aliitwa Simai Mcha. Miaka ya nyuma, wawekezaji walipoanza kuulizia viwanja vya pwani, Simai aliuza kwa siri kiwanja cha minazi alichoacha marehemu baba yake. Mama yuko majini anavuna mwani, hana habari. Aliporudi akakuta watu wanapima. Kwa uchungu wa siku ile alimwambia mwanawe, mbele za jamaa, kwamba radhi hampi, si duniani si akhera. Simai akachukua fedha zile akaenda Ulaya, na tangu hapo kimya, hakuna barua wala salamu. Kwenye kiwanja kile ikajengwa hoteli.

Na wewe msomaji unajua kwetu sisi kukosa radhi za mzazi ni nini. Mtu atasali, atafunga, atakwenda hija, na bado moyo hautulii.

"Nilisema kwa hasira," Bi Kazija akaniambia. "Nshamsamehe zamani. Mchanga ni mchanga tu. Lakini ntamwambiaje, na sijui yuko wapi? We andika: Simai Mcha wa Bwejuu, mwanangu, radhi nimekupa. Rudi."

Nikaandika. Ukurasa wote ulikuwa kwa Kiingereza, isipokuwa mstari ule wa Kiswahili chini kabisa. Anwani ya barua pepe nikaweka ya duka letu, kwani yeye hakuwa na yake. Nikautia kwenye zile huduma za bure za kuhifadhi kurasa mtandaoni. Kisha kwenye ukurasa wa duka, ambao kurasa nyingi za nje zilikuwa zikiuelekeza, nikaweka kiungo cha kwenda kwake.

Haukupita muda, mtu akitafuta "Bwejuu", nyumba ya Bi Kazija ikawa inatokea mwanzo mwanzo. Wageni wakaenda. Nilifurahi kwa dhati, sitajifanya mbaya kuliko nilivyokuwa.

Kila akija mjini alipita dukani na mkate wa kumimina umefungwa kitambaa. Ananiwekea mezani, na kabla hajakaa anauliza, "Simai kaandika?"

"Bado, Bi. Mambo haya yanataka subira."

"Nnasubiri, mwanangu. Mie sina haraka."

Siku moja asubuhi akaja meneja wa hoteli, hiyo hiyo iliyojengwa pale kwenye kiwanja. Mtu wa kuja, shati limenyooka, simu mbili mkononi. Akanikalisha mkahawani.

"Kila nikitafuta Bwejuu naona vibanda vya yule mama," akasema. "Hoteli yangu iko wapi?"

"Iko chini, haijaelekezwa na wengi."

"Unaweza kuipandisha?"

Akaniahidi ofisi mjini yenye kiyoyozi, kompyuta yangu peke yangu, na kadi zilizochapishwa jina langu na cheo. Kadi! Mimi ambaye babu zangu walikuwa watu na mimi si mtu! Nikakubali kabla kahawa yake haijapoa.

Nikajiambia hii ni kazi kama kazi nyengine. Nilijidanganya, na nilijua najidanganya.

Sasa sikiliza nilichofanya. Nilichukua maneno yote ya ukurasa wa Bi Kazija, yale yale yaliyompandisha, nikayanakili toka juu hadi chini, nikayabandika chini ya picha za hoteli. Halafu nikayapaka rangi nyeupe, juu ya ukurasa mweupe. Mtu akifungua anaona pwani, vitanda na bwawa la kuogelea, na chini yake nafasi tupu. Lakini mtambo haujali rangi, wenyewe unasoma maneno tu.

Kisha nikatengeneza kurasa ndogo ndogo nyingi zisizo na maana yoyote, kila mmoja ukielekeza hoteli, ili mtambo udhani hoteli inatajwa na watu wengi. Na mwisho nikaingia kwenye ukurasa wa duka la Shangani, ambako neno la siri nilikuwa nalo bado, nikakifuta kiungo cha Bi Kazija.

Tena nilijua jambo moja zaidi. Mtambo ukikuta kurasa mbili zenye maneno yale yale, aghalabu huonesha mmoja na kuurudisha mwengine nyuma kabisa. Nilikwisha kulisoma hilo. Sikuteleza, ndugu yangu. Nilikusudia!

Na ule mstari wa chini, wa Kiswahili? Wallahi sikuufikiria. Nilinakili tu, kama mtu anayemimina mchele chunguni bila ya kuupepeta. Jina la Simai likaenda, radhi za mama yake zikaenda, zote zikawa nyeupe juu ya nyeupe.

Hoteli ikapanda mpaka juu. Meneja akanipiga bega mbele ya watu. Nikagawa kadi zangu Forodhani kana kwamba nagombea ubunge.

Bi Kazija alinifuata kwenye ofisi mpya. Aliingia akitetemeka kwa baridi ya kiyoyozi, akajifunika kanga vizuri. Na mkate kaja nao! Akauweka juu ya meza yangu ya kioo.

"Mwanangu, wageni wamekatika. Nimekosa nini huko kwenye mtandao?"

"Msimu mbaya, Bi. Kila mtu analia."

"Mbona hapo hotelini wamejaa?"

Nikajifanya natafuta kitu kwenye kompyuta. Hakunishikilia. Akauliza lake.

"Na Simai?"

"Bado, Bi."

Akatazama mikono yake, ile mikono iliyochubuliwa na chumvi na kamba za mwani. "Labda kaona," akasema polepole. "Kaona, kakataa. Ana haki yake. Nilimwambia maneno mazito."

Hapo ndipo ningeweza kurekebisha kila kitu! Kompyuta ilikuwa mbele yangu. Ningekirudisha kile kiungo, ningeyafuta yale maneno, na kazi yenyewe isingechukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Nilichofanya ni kumsindikiza mpaka mlangoni na kumwambia ajitunze. Aliponipa mgongo nikarudi nikaula mkate wake.

Baada ya hapo sikumwona tena mjini. Nilisikia makuti ya vyumba vyake yameoza na hakuyaezeka upya, na kwamba amerudi kwenye mwani moja kwa moja, na umri ule, na magoti yale. Kisha nikasikia anaumwa. Nikasema nitakwenda kumtazama Ijumaa. Ijumaa ikapita, na nyengine nyingi zikapita. Akafariki.

Maziko nilikwenda. Tulilibeba jeneza kwa njia inayopita nyuma ya ukuta wa hoteli, na ndani ya ukuta ule tulisikia muziki na watu wanaruka kwenye maji. Tuliporudi kutoka kaburini, dada wa marehemu, Bi Pili, akanivuta kando ya ua.

"We ndo yule wa kompyuta?"

"Naam, Bi."

"Alisema ukija tukuulize. Simai kaandika?"

Nikatikisa kichwa. Machozi yakanitoka. Yule mama akanipa pole, akaniambia nisilie sana.

Sasa tazama kazi ya Mola. Hazikupita siku nyingi, wenye ule mtambo wakagundua ujanja wa maneno yaliyofichwa. Hoteli ikaondolewa kabisa, ukitafuta huioni hata kwa dawa. Meneja hakutaka maelezo. Kiyoyozi, kompyuta, kadi, vyote vikaishia siku ile, nikarudi dukani Shangani nikiwa nimeinamisha uso, wakanipokea kwa huruma.

Ukurasa wa Bi Kazija ulikuwa upo bado kwenye ile huduma ya bure. Hakuna aliyeukumbuka kuufuta. Na kwa kuwa ule uliomwibia maneno haukuwepo tena, wake ukarudi juu taratibu, mwenyewe yuko udongoni.

Asubuhi moja nafungua barua pepe za duka, naona barua fupi ya Kiswahili.

"Mimi Simai. Nimesoma. Mwambieni mama nnakuja."

Yaa Rabi! Nilisimama nikaenda nje, nikarudi, nikaisoma tena. Mwishowe nikamjibu kwamba mama amekwisha tangulia mbele ya haki, na kwamba alikuwa akimngoja. Hicho ndicho kitu cha kweli pekee nilichopata kumwandikia.

Alikuja hata hivyo. Mtu mzima mwenye mvi, koti zito la huko kalining'iniza mkononi hajui aliweke wapi. Kabla ya kwenda Bwejuu alipita dukani kunishukuru. Tukakaa barazani, nikamnunulia kahawa.

"Kuna kitu nataka nikuulize, we fundi," akasema. "Hii si mara yangu ya kwanza kutafuta. Kiasi cha miaka miwili nyuma nilikaa kwenye kompyuta, nikaandika jina langu na Bwejuu. Nilikuwa natafuta kama kuna mtu yeyote ananitaja. Unajua kilichokuja juu?"

Nilijua. Moyo ulikuwa umekwisha kuniambia.

"Kile kiwanja! Hoteli imejengwa juu yake, lakini nilikijua. Picha ya mwanzo tu, uko ule mnazi uliopinda karibu na kisima, nilikuwa nikiukwea nikiwa mdogo. Nikasoma ukurasa ule mpaka chini kabisa. Jina langu halimo. Nikasema, basi, nimeshajibiwa. Nimeandika jina langu, nimeoneshwa nilichokiuza. Mama hajanipa radhi na Mola ananikumbusha. Nikafunga."

"Hukutafuta tena?"

"Niliogopa. Juzi binti yangu ndo aliyelichezea jina langu kwenye kompyuta, akaniita, baba, hapa pameandikwa nini? Nikaona maneno ya mama."

Enzi hizo mitambo mingi, kwenye orodha ya majibu, chini ya kichwa cha kila ukurasa, ilionesha yale maelezo mafupi aliyoyaandika mwenye ukurasa, si maneno aliyoyatafuta mtu. Ya hoteli niliyaandika mimi: pwani nyeupe, vyumba vya fahari, karibuni. Hakukuwa na lolote la kumwambia kwamba akivuta ule mshale wa kompyuta juu ya ile nafasi tupu, herufi zingejitokeza, na jina lake lingekuwa humo, na maneno ya mama yake yanamwita. Alikuwa anayatazama maneno yenyewe!

"Kwa nini mara ile haukuja ukurasa wa mama?" akaniuliza.

Msomaji, mlango ule ulikuwa wazi. Nilitakiwa niseme sentensi moja.

Nikasema, "Mitambo hii ina mambo yake, ndugu yangu. Hubadilika badilika."

Akaitikia kwa kichwa, akaamini. "Basi ni kosa langu," akasema. "Ningetafuta mara ya pili ningemkuta hai." Halafu akanikumbatia. "Mungu akulipe. Bila ya wewe nisingelijua kama kanisamehe."

Mungu akulipe! Maneno hayo yameniganda mpaka leo. Kila nikisimama kusali yananitangulia.

Alikwenda Bwejuu akasoma Yasini kaburini, akaezeka upya kile chumba kimoja kilichokuwa kimesimama, akarudi Ulaya kwa wanawe. Bi Pili aliniambia alikuwa anakaa kizingitini anarudia neno moja tu, "mara ya pili, mara ya pili." Kosa langu kalibeba yeye, na mimi nikamwacha aondoke nalo.

Ule ukurasa wa hoteli ninao kwenye disketi. Huwa nauvuta ule mshale juu ya nafasi tupu, na mstari wa mwisho kabisa unatokea. Simai Mcha wa Bwejuu, mwanangu, radhi nimekupa. Rudi. Nikiuachia unapotea tena.

Nyinyi vijana mlioshika kazi hii sasa, mnaotafutwa na wenye mahoteli ili muwapandishe juu, sikieni kwa mtu aliyeungua. Msiibe maneno ya mtu. Msifikiri kila anayetafuta anatafuta pa kulala. Kuna mtu anamtafuta mama yake, na nyinyi mmekaa katikati yao na hamjui. Na mkishakosea, semeni siku hiyo hiyo, mtu akiwa bado hai wa kusikia. Mimi nilichelewa kwa mama, kisha nikachelewa kwa mtoto.

Gazeti hili najua siku hizi linawekwa na mtandaoni. Ndiyo maana jina langu nimelificha na lako, Simai, nimeliandika lote, kwa herufi nyeusi, ili siku utakapojitafuta tena uyaone haya. Mara ile ya kwanza mama yako alikuwa pale pale, chini ya ile picha ya mnazi, na radhi zake kashazitoa. Ni mimi niliyemfunika. Siombi unisamehe. Nataka tu ujue kwamba ulitafuta mara moja, na mara hiyo moja ilikuwa inatosha.